Kuzamia Visiwani Kipili na Homa Ijayo Baadaye

Msafiri atokaye Magamba, Mpanda, hana haja ya kufika Zanzibar ili aone samaki wa rangi chini ya maji. Barabara ya kusini, ipitayo Sitalike na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi hadi Namanyere, humfikisha Kipili, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, karibu na visiwa vya Mvuna na Ulwile. Akivaa miwani ya kuzamia na kubana mrija wa kupumulia mdomoni, huelea kifudifudi juu ya miamba na kuwatazama samaki ambao wengi wao hawapatikani penginepo duniani. Maji ni maangavu mno, na uangavu huo ndio umsahaulishao kichocho, ugonjwa unaodhaniwa kuwa wa madimbwi na majaruba ya mpunga.

Baharini dhana hiyo haina madhara, kwa kuwa konokono wabebao vimelea vya kichocho huishi katika maji yasiyo na chumvi. Unguja na Pemba zimesumbuliwa na kichocho cha mkojo kwa miaka mingi, lakini chanzo chake ni vijito na mabwawa, si matumbawe. Ziwani mambo ni mengine. Ziwa Tanganyika lina konokono wa jamii ya Biomphalaria, wabebao Schistosoma mansoni, mnyoo wa kichocho cha tumbo. Mayai ya mnyoo huingia majini pamoja na kinyesi cha binadamu, huanguliwa, na vimelea humwingia konokono. Baada ya wiki kadhaa vimelea vichanga kwa maelfu humtoka konokono huyo, zaidi wakati wa jua kali la mchana, yaani saa zile zile wageni wapendazo kuogelea. Hupenya ngozi isiyo na jeraha lolote kwa dakika chache tu. Kujifuta kwa taulo upesi si kinga ya kutegemewa.

Ziwa Nyasa lilitoa funzo hilo kwa uchungu. Upande wa Malawi, Cape Maclear ilisifiwa kwa maji safi na samaki wake, na ufuko wake wa wazi ulihesabiwa kuwa salama. Mwaka 1992 Wamarekani wawili wa Peace Corps waliokuwa wameogelea huko waligunduliwa kuwa na kichocho kilichoshambulia mfumo wa fahamu. Baadaye watafiti walimbaini konokono aishiye kwenye mchanga wa ufuko wa wazi, Bulinus nyassanus, kuwa miongoni mwa wabebaji.

Kwa mhudumu wa zahanati, ugumu ni kwamba ugonjwa hauji siku ya safari. Mwasho wa ngozi huweza kutokea mapema, kisha ukapotea na kusahauliwa. Wiki tatu hadi nane baadaye huja homa, kikohozi kikavu, vipele vya kuwasha, maumivu ya tumbo na uchovu. Hali hii huwapata hasa wageni wa maji hayo. Aliyekulia ufukoni na kuambukizwa tangu utotoni huonesha dalili hizo kwa nadra. Malaria ipimwe kwanza, bila kuchelewa. Kipimo cha malaria kikiwa hasi, swali la kuuliza ni moja: "Umeogelea ziwani au mtoni miezi hii miwili mitatu?" Choo na mkojo huenda visioneshe mayai bado, maana minyoo haijakomaa, wingi wa eosinofili katika damu huwa dokezo bora zaidi. Udhaifu wa miguu au kushindwa kukojoa ni dharura, na mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Prazikwanteli, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, huua minyoo iliyokomaa lakini huiacha michanga. Ndiyo sababu dozi itolewayo mapema mno hulazimika kurudiwa, na mgonjwa mwenye homa kali ya awali huhitaji uamuzi wa daktari, kwani dawa yaweza kuzidisha dalili kwa muda. Aliyeogelea naye hana dalili yoyote apimwe wiki 8 hadi 12 baada ya kuyagusa maji kwa mara ya mwisho. Tarehe hiyo iandikwe kwenye faili lake.

Wapo pia warudio na malengelenge mgongoni na nyuma ya miguu, sehemu ambazo mwenye kuelea kifudifudi haoni zikiungua. Hao mavazi ya kufunika mgongo na miguu yangewatosha.