Waa katika Dari

Masika yanapokwisha, nyumba nyingi za Tanga, Mombasa na Dar es Salaam hubaki na alama moja: waa la rangi ya chai katika dari nyeupe, lenye kingo zilizokoza kuliko kati yake. Mwenye nyumba, kwa kuwastahi wageni, aghalabu hukimbilia kopo la rangi akalifunika. Lakini rangi haijazoeleka machoni, waa limerudi, kwa sababu uchafu na utomvu wa mbao ulioyeyushwa na maji hupenya rangi ya maji bila ya taabu.

Dari hizi ni za jasi, ambayo mafundi wetu huiita jipsamu, jiwe laini lichimbwalo Makanya, Itigi na Kilwa, na ambalo yapata asilimia 21 ya uzito wake ni maji yaliyofungamana nalo. Hupashwa moto hata likapoteza robo tatu ya maji hayo, na unga wake, ukikorogwa upya, huganda baina ya karatasi mbili nene ukawa bodi. Bodi ya asili ya aina hii alipewa hataza yake Mmarekani Augustine Sackett mwaka 1894. Nguvu ya bodi imo zaidi katika karatasi kuliko katika jasi, na hilo ndilo asili ya dhiki yake, maana karatasi ikilowa hulegea, jasi ikinywa maji huwa nzito, na skrubu hubaki zimeshika kitu mfano wa mkate uliochovywa.

Dari ikivimba kwa maji, zima kwanza umeme kwenye swichi kuu, weka ndoo chini, kisha toboa kitundu kwa bisibisi katikati ya uvimbe ili maji yatoke kwa hiari yako, wala si kwa ghafula yakashuka na bodi nzima.

Baada ya hapo, kazi yenyewe iko juu. Maji hayana uaminifu wa kudondoka mahali yalipoingilia. Hutambaa juu ya kenchi hatua nyingi, hata tundu la bati likawa juu ya chumba kimoja na waa katika chumba kingine. Raba ya msumari iliyokauka, mfereji uliozibwa na majani, bomba la tangi linalotoka jasho: vyote hivi vichunguzwe, na likikatwa tundu darini la kuchungulia juu, lisifungwe kwa haraka, kwani ndilo dirisha la kuonea madhara. Hewa ipite. Kuvu huweza kuanza kuota kwa saa 24 hadi 48 tu, na kuziba unyevu ndani ni kuilea.

Bodi iliyokauka ikabaki imenyooka na ngumu chini ya kidole gumba yaweza kusalia. Iliyobonyea au kumomonyoka ikatwe mraba hadi katikati ya mbao zinazoishikilia. Kipande kipya kiwe cha unene ule ule, skrubu zizame kidogo bila ya kupasua karatasi, maungio yafunikwe kwa tepu na puti mara tatu, kila mkono mpana kuliko uliotangulia na uliokwisha kukauka, kisha msasa. Waa lililobaki lipakwe kwanza rangi ya mafuta ya kuzuia madoa. Rangi ya mwisho ipakwe dari nzima, ukuta hadi ukuta, kwa kuwa kiraka pekee, hata kikisawazishwa kwa ustadi, huonekana jua la asubuhi linapoingia dirishani kwa ubavu.