Skuta na Chakula cha Kupelekwa: Mradi Hukamilika Lini Gisenyi?

Andiko la mradi wa skuta za umeme za kukodi, au wa kupeleka chakula majumbani, huvutia likiwa bado mezani. Kwa mji wa Gisenyi nchini Rwanda hesabu zake huonekana zimekaa sawa: ufuko wa Ziwa Kivu ni tambarare, hoteli na migahawa iko karibu karibu, malipo ya simu yamezoeleka, na mji wa Goma uko ng'ambo tu ya mpaka, upande wa Kongo. Linalostahili kuulizwa ni mtumiaji anabaki na nini tarehe za andiko zikishapita.

Mipango ya aina hii hufuata njia mbili. Katika skuta, kampuni hununua vyombo vyote, mteja hufungua kimoja kwa simu na kulipia dakika alizotumia. Kuchaji na kutengeneza ni juu ya kampuni, kwa hiyo faida hupatikana pale tu kila skuta inapotoka mara nyingi kwa siku na kudumu miaka. Katika chakula, kampuni haina jiko wala pikipiki; huunganisha mgahawa, motari (dereva wa pikipiki) na mteja, kisha hukata sehemu ya bei. Zote mbili zinadai wateja wengi waliokaa pamoja. Hapo ndipo makadirio mengi huteleza, kwa kuhesabu wakazi wa Wilaya nzima ya Rubavu, ilhali sehemu kubwa ya wilaya ni vilima na mashamba. Mwenye uwezo wa kulipia safari ya sahani moja yuko katika eneo dogo la mji, na wengi huonekana wikendi na likizo, wageni wanaposhuka kutoka Kigali.

Utekelezaji huanzia palipo rahisi. Vituo vya kwanza huwekwa ufukweni, penye lami na taa. Si kosa, kwani mwenye fedha anataka kuona matokeo mapema. Tarehe ya uzinduzi nayo mara nyingi huheshimiwa, maana uzinduzi unahitaji vyombo vichache na programu inayofanya kazi siku hiyo. Inayoahirishwa ni awamu ya pili, ile ya kuingia mitaa ya ndani, penye njia za mawe ya volkano na vumbi jeusi. Gurudumu dogo la skuta hunasa kati ya mawe, na mtetemo hulegeza skrubu na nyaya za breki. Mafundi wa Goma wana jibu la siku nyingi kwa ardhi hiyo: chukudu, chombo cha mbao nzito cha kubebea mizigo, magurudumu yake yamevishwa mpira wa tairi kuukuu, nacho hutengenezwa kando ya barabara kwa nyundo na misumari.

Kinachobaki bila kufanywa mara nyingi ni kile kilichoonekana kidogo. Kwanza ni anwani: mteja huelekeza nyumba yake kwa kanisa, duka au mti. Motari hupiga simu tena na tena, na muda ulioahidiwa huisha akiwa mtaa wa pili. Vifungashio navyo husahauliwa. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na sheria ya 2019 ikaongeza vifaa vya plastiki vya kutumika mara moja, hivyo boksi la karatasi ni gharama ya tangu siku ya kwanza. Sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wakikaangwa na kufungiwa humo bila tundu la mvuke hufika wamelegea, na mteja aliyelipa zaidi hapati hata ladha ya mgahawani.

Ufikiaji ndio huchelewa kuliko yote. Asiye na simu janja hahudumiwi, na skuta ya kusimama haimfai mwenye ulemavu wa miguu. Hata hivyo, kwa miaka mingi watu wenye ulemavu wamevusha bidhaa kati ya Gisenyi na Goma kwa baiskeli za magurudumu matatu, wengi wao wakiwa katika vyama vya ushirika. Ujuzi wa kupeleka mizigo tayari upo mjini. Ni nadra kuukuta ndani ya andiko.

Gharama nazo hukua kwa sababu zinazojulikana. Rwanda haina bahari. Vipuri hupitia Mombasa au Dar es Salaam, kisha husafiri kwa barabara, na bei yake hufuata dola huku nauli ikilipwa kwa faranga. Wakati wa mvua skuta hulala. Mitetemeko iliyofuata mlipuko wa volkano ya Nyiragongo mwaka 2021 ilipasua nyumba na barabara za mji, na mafuriko ya Mei 2023 yaliumiza wilaya. Bajeti isiyo na fungu la dharura hujazwa kwa kupandisha nauli. Tatizo si la Gisenyi peke yake: mwaka huohuo wa 2023 wapiga kura wa Paris walizikataa skuta za kukodi, na mwezi Desemba kampuni moja kubwa ya biashara ya mtandaoni barani Afrika ilitangaza kufunga huduma yake ya kupeleka chakula katika nchi kadhaa, Kenya na Uganda zikiwemo.

Mfumo wa pikipiki za umeme ulioenea Rwanda unatoa funzo: motari anaweza kumiliki pikipiki, kampuni ikamiliki betri, naye akalipia kila anapobadilisha. Mzigo umegawanywa, na chombo kina mwenyewe anayekitunza.

Kwa hiyo mkataba wa mradi kama huu unafaa kubeba tarehe tatu: ya kufungua huduma, ya kuifikisha mitaa ya ndani, na ya kuthibitisha kuwa mwaka mmoja baadaye bado ipo huko kwa bei ambayo mkazi anaimudu. Sehemu kubwa ya malipo ifungwe kwenye tarehe ya tatu, kwa sababu ndiyo inayomhusu mtumiaji.