Daftari lisilofutika lagongana na sheria ya nchi

MAELFU ya Wakenya walipopiga foleni katika jumba la KICC jijini Nairobi mwishoni mwa Julai 2023 ili mboni za macho yao zipigwe picha, wengi waliwazia tu takriban Sh7,000 walizoahidiwa kwa njia ya sarafu ya kidijitali ya Worldcoin. Ni wachache waliouliza ni nani angewajibika endapo mambo yangeenda mrama.

Jibu lilichukua karibu miaka miwili. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti 2, 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba data hizo zilikusanywa kinyume cha sheria. Tathmini ya athari inayohitajika chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haikuwa imefanywa ipasavyo, na ridhaa ya mtu aliyevutwa kwa ahadi ya pesa haikuwa ridhaa huru. Wahusika waliagizwa kufuta data hizo katika muda wa siku saba, chini ya usimamizi wa Kamishna wa Data.

Amri hiyo ya kufuta inagusa kiini cha mgogoro kati ya sheria na teknolojia iitwayo blokicheni, ambayo ndiyo msingi wa sarafu kama hizo.

Blokicheni ni daftari la kumbukumbu lisilo na karani. Nakala zake huhifadhiwa katika kompyuta nyingi kote duniani, na kila ukurasa mpya hufungwa kwa hesabu maalumu inayouunganisha na ukurasa uliotangulia. Anayejaribu kugeuza rekodi ya zamani atalazimika kuzigeuza zote zilizofuata, tena katika kompyuta nyingi kwa wakati mmoja. Kwa sababu hiyo, kilichoandikwa humo huwa hakifutiki.

Sifa hiyo ndiyo inayowavutia watu katika mataifa ambako faili za serikali hupotea kabatini. Hata hivyo, Kifungu cha 40 cha Sheria ya Kulinda Data kinampa mwananchi haki ya kutaka taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe, na zisizostahili kuhifadhiwa zifutwe. Katika kisa cha Worldcoin picha za macho hazikuwekwa katika daftari lenyewe, hivyo zingeweza kufutwa. Kampuni itakayoandika majina, nambari za vitambulisho au rekodi za hospitali moja kwa moja katika blokicheni haitakuwa na njia hiyo ya kuponea.

Swali la pili ni nani ashtakiwe. Daftari la aina hii halina mwenyewe wala ofisi. Kampuni zinazolitumia nazo mara nyingi husajiliwa ng'ambo, na mteja aliyeko Kakamega au Voi anaweza kushinda kesi kisha akakosa mali ya kukamata.

Hata kampuni zenyewe huumia sheria inaponyamaza. Mwaka 2015, Safaricom ilikatiza huduma za M-Pesa kwa kampuni ya Lipisha, iliyokuwa ikishirikiana na BitPesa katika kutuma pesa kwa kutumia Bitcoin, ikidai kuwa biashara hiyo haikuwa na idhini ya Benki Kuu. Desemba mwaka huo Mahakama Kuu ilikataa kutoa amri ya muda ya kurejesha huduma hizo. Hapakuwa na sheria iliyoharamisha Bitcoin, lakini hapakuwa na leseni ambayo kampuni hizo zingeweza kuonyesha pia.

Pengo hilo lilianza kuzibwa Oktoba 2025, Rais William Ruto alipotia saini sheria ya watoaji wa huduma za mali za kidijitali. Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA) zilipewa jukumu la kutoa leseni na kusimamia biashara hiyo. Ushuru ulikuwa umetangulia: kuanzia Septemba 2023 serikali ilitoza asilimia tatu ya thamani ya mali ya kidijitali iliyouzwa, kabla ya kuuondoa ushuru huo mwaka 2025 na badala yake kutoza asilimia 10 ya ada zinazolipishwa na kampuni. Mwananchi, kwa maneno mengine, alilipa ushuru kwa miaka miwili kabla ya kupata sheria ya kumlinda.

Lakini huenda ni katika ardhi ambako hatari ni kubwa zaidi. Jopo lililoongozwa na Profesa Bitange Ndemo, lililoundwa mwaka 2018, lilitaja sajili ya ardhi miongoni mwa mambo yanayoweza kunufaika na blokicheni. Hoja yake ina mashiko, kwa kuwa ni wengi waliouziwa shamba moja na watu wawili.

Tatizo ni kwamba daftari hulinda kilichoandikwa, liwe ni kweli au uongo. Hati iliyopatikana kwa hila ikiingizwa humo siku ya kwanza, uongo huo utalindwa kwa uthabiti ule ule. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inairuhusu mahakama kubatilisha hati iliyopatikana kwa ulaghai na kuagiza sajili irekebishwe.

Kuna pia mikataba inayojitekeleza yenyewe: pesa zikiingia, umiliki unahamishwa papo hapo bila wakili. Uuzaji wa shamba la kilimo bila kibali cha bodi ya kudhibiti ardhi ni batili kisheria, na nyumba ya wanandoa haiwezi kuuzwa bila ridhaa ya wote wawili. Programu ya kompyuta haimuulizi mke kama amekubali, isipokuwa aliyeiandika alikumbuka.

Urithi nao una utata wake. Mtu akifariki bila kumwachia yeyote nambari ya siri ya pochi yake, mahakama inaweza kumkabidhi mjane hati ya kusimamia mirathi, na benki italazimika kuiheshimu. Blokicheni haisomi hati za mahakama. Sarafu hizo zitaendelea kuonekana daftarini bila yeyote kuweza kuzigusa, labda kama marehemu alikuwa amezihifadhi kwa kampuni yenye leseni, ambayo inaweza kuamriwa kuzitoa.