Diplome iko, kazi hakuna: ginsi ya kukubaliwa kujifunza ufundi



Wengi wetu tuko na diplome ya Leta, wengine graduat ao lisanse, na bado tunazunguka na bahasha mkononi. Kila siku wakubwa wanatuambia: « Mujifunze hata kazi ya mikono. » Shauri ni nzuri, lakini hakuna anayetuelezea mutu anaingilia wapi, na patron anachagua aje.

Kuna milango mbili. Ya kwanza ni INPP, ile ya Leta iliyoanzishwa mwaka 1964, yenye iko Goma, Bukavu, Lubumbashi na kwingine. Kule enda mwenyewe kuuliza: kazi gani zinafundishwa, masomo yanaanza lini, ni franga ngapi, kuna testi ao hapana. Usilipe mutu wa inje anayesema « nitakupitisha ». Lipa pale wanatoa risiti.

Ya pili ni ateliye ya mtaa: garaje, sudure, mbao, ushonaji, moto ya nyumba. Hapa barua haisaidii sana. Mbele ya kuomba, pitia pale mara mbili, tatu, uangalie: wanafunzi wa zamani wanashika kazi, ao wanatumwa tu maji na mikate? Ukikuta wa mwaka wa pili bado anafagia tu, endelea na safari.

Siku ya kuomba, enda asubui, mbele wateja wafike. Salimia kila mutu, kisha sema kwa kifupi: « Mzee, nataka kujifunza sudure. Nitakuja kila siku. Unipime juma moja. » Lile juma njo mtihani wenyewe. Patron haangalii pointi zako. Anaangalia kama unafika kwa saa, kama vyombo vinarudi pale ulivitoa, kama unauliza mbele ya kukata chuma. Chuma kikikatwa vibaya, ni franga yake imepotea.

Diplome usiifiche, lakini usiitangulize. Onyesha ile unajua: kupima, kuhesabu devis, kuandika fakture. Fundi mwingi anajua kazi sana lakini makaratasi inamusumbua. Pale njo masomo yetu inapata faida.

Wakikukubali, musianze na mdomo tu. Sheria ya kazi ya 2002, ile Code du travail, inatambua mkataba wa kujifunza kazi: patron anajifunga kufundisha kazi yote kwa utaratibu, mwanafunzi anajifunga kufuata maagizo. Andikeni: utafundishwa nini, miezi ngapi, nani analipa franga gani, ukiumia nani anakupeleka hospitali, na mwishoni utapewa hati gani. Mutie sahihi wote wawili, na shahidi mmoja.

Patron mwema haogopi hiyo karatasi. Lakini mwenye anakataa hata mistari mitano, kisha miaka mitatu anaweza kukuambia bado haujamaliza, na hautakuwa na kitu ya kumuonyesha.