Je, Wajua? Volti zikishuka kwa asilimia 20, wati hupungua zaidi ya theluthi

Mwaka 2022 miji ya Kibondo na Kasulu iliachana na majenereta ya dizeli ya shirika la umeme la Tanzania, TANESCO, na kuunganishwa na gridi ya Taifa kwa njia ya kilovolti 33 kutoka Nyakanazi. Lakini waya wowote, hata wa njia hiyo, una ukinzani, na umeme unaposafiri mbali volti hushuka. Hasara yake inakokotoleka. Birika la umeme linalovuta ampea 10 kwenye volti 230 lina ukinzani wa omu 23 (230 gawanya kwa 10) na nguvu ya wati 2,300 (230 mara 10). Volti zikishuka kwa asilimia 20, hadi 184, mkondo unakuwa ampea 8 na nguvu wati 1,472 tu.

Wapo watakaosema ukinzani hubadilika kwa joto. Ni kweli, na kwenye balbu za zamani za tangsteni tofauti ni kubwa mno. Lakini waya wa kupashia maji kwa kawaida ni wa nikromu, ambao hubadilika kidogo. Wengine watadai wati chache ni nafuu kwa mwenye mita ya luku. Sivyo: maji yaleyale yanahitaji nishati ileile ili yachemke, na yakichelewa, joto jingi zaidi hupotelea hewani, hivyo uniti zinazoliwa huongezeka.