Mtumbwi mdogo wa boti iko wapi?

Hapa Mususa hatuna ziwa. Tuko na milima, mikaratusi na barabara ya vumbi. Ndiyo maana wandugu wengi walitucheka siku tuliposema kwamba sendika yetu ya wachimbaji itaandika juu ya mitumbwi. Walituuliza: "Nyinyi watu wa mashimo, mutajua nini juu ya maji?" Lakini mchimbaji wa Butembo hakai Butembo. Leo iko Manguredjipa kwenye dhahabu, kesho anasikia kasiterite inatoka vizuri Nyabibwe, anafunga mfuko wake, anashuka Goma, anapanda boti. Na wamama wetu wanaofuata samaki Kyavinyonge wanajua Ziwa Edouard kuliko sisi wote. Kwa hiyo tuseme.

Mwezi wa 9 mwaka 2022 tulikuwa watu saba. Tulitoka Nyabibwe, tulikoenda kuongea na wachimbaji wenzetu wa Kalehe juu ya bei na juu ya vifo vya ndani ya mashimo. Kurudi, tulipanda boti ya mbao kwenye Ziwa Kivu. Nyuma yake ilikuwa inavuta mtumbwi mdogo kwa kamba. Tulifurahi. Tulisema, kumbe mwenye boti hii iko na akili, ameweka mtumbwi wa kuokoa watu. Tulipotazama vizuri, tukaona mtumbwi umejaa viazi. Magunia kumi na moja, tuliyahesabu juu hatukuwa na kazi ingine.

Tulipofika mbali na kando, upepo wa kusini ukaamka na mawimbi yakaanza kutufuata kwa nyuma. Hapo ndipo tulijifunza kitu ambacho hakuna aliyetufundisha shuleni: mtumbwi unaovutwa hauna breki. Wimbi linausukuma, unakuja mbio kugonga tako la boti, kamba inalegea. Wimbi linapita, mtumbwi unabaki nyuma, kamba inakaza kwa nguvu mpaka mbao zinalia. Mara ya nne ao ya tano, kamba ile iliyolegea ikazama na kujizungusha kwenye propela. Mashini ikazimika. Nahodha akachukua panga, akakata. Mtumbwi ukageuka ubavu, viazi vyote vikaenda chini, na mama mwenye viazi akakaa kimya. Tungependa angelia, lakini alikaa kimya.

Sasa tuko bila mashini na bila mtumbwi, upepo unatusukuma kwenye mawe. Nanga ilikuwa, lakini Kivu ni ziwa refu, linafika mita 485, na kando zake nyingi zinashuka kama ukuta. Nanga ilining'inia tu. Kama tungekuwa na mtumbwi mtupu, vijana wawili wangepeleka kamba mpaka kando, wakaifunga kwenye mti, basi. Tulikaa masaa mawili tukipiga makasia kwa mbao za viti, mpaka wavuvi wa sambaza walipotuona. Hakuna aliyekufa. Boti hatuitaji, wala mwenyewe. Ila yule mama hakulipwa hata gunia moja.

Halafu tarehe 3 Oktoba 2024 boti MV Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, pale Goma, watu wakiangalia toka kando. Hatusemi mtumbwi mmoja ungeokoa watu wote wale. Boti ilikuwa imezidishwa watu na mizigo, na hiyo ni vita ingine. Lakini tangu siku ile, ndani ya sendika, kila mtu anayesafiri tunamuuliza: je, ulitazama mtumbwi?

Kati ya wale watu saba mmoja tunamwitaka Baharia. Ni mtoto wa hapa hapa Mususa. Kijana alifuata malori ya mizigo mpaka Mombasa, kazi aliyoahidiwa akaikosa, akaishia Lamu kwenye majahazi yanayobeba mchanga, mawe ya matumbawe na boriti za mikoko. Baadaye alikaa Kilifi, kwenye ile hori ya bahari inayoingia ndani ya nchi, kunakotia nanga mashua za tanga za Wazungu wanaozunguka dunia. Huko alilinda na kusafisha mashua ya mzee mmoja na bibi yake. Leo anachimba dhahabu kama sisi. Usiku kwenye kambi, kahawa ikishaiva, anaanza.

Anasema kila boti kubwa ya tanga inahitaji ndogo yake, juu kubwa haiwezi kufika mchangani. Ndogo inakuleta sokoni, inachota maji ya kunywa, inapeleka nanga mbali ukikwama kwenye fungu. Pwani wanaiita hori, ao kihori. Shida si kuwa nayo. Shida ni mahali pa kuiweka wakati wa safari, na hapo mabaharia wanabishana tangu zamani, sawa na sisi tunavyobishana juu ya magogo ya kushika paa la shimo.

Wengi wanaivuta nyuma. Ni rahisi, haikuli nafasi. Maji yakiwa yametulia, ao ukisafiri kando kando kwa masaa machache, hakuna ubaya. Lakini inapunguza mwendo, inajaa mvua, na bahari ikichafuka unaipoteza. Baharia alituambia makosa yote ya siku ile, moja moja, na sisi tulikuwa tunakunja sura. Mtumbwi wa kuvutwa unakuwa mtupu. Makasia unayatoa, mashini ndogo unaitoa, hata kopo la kutolea maji unalifunga. Kamba zinakuwa mbili, juu moja itakatika siku moja. Na kamba iwe ya ile aina inayoelea, isizame kuingia kwenye propela. Mawimbi yakija kwa nyuma, unairefusha. Ukiingia bandarini ao ukirudi kinyumenyume, unaivuta karibu kabisa, mtu mmoja anaishika kwa mkono. Kamba yetu sisi ilikuwa moja, ya kuzama.

Wenye safari ya siku nyingi wanaipandisha juu ya boti. Wanatumia kamba ile ile inayopandisha tanga, Baharia anaiita henza: watu wawili wanavuta, mmoja anaongoza kwa mkono isigonge mlingoti. Inalazwa mbele ya mlingoti ao nyuma yake, chini juu, ili mvua isijae ndani na upepo upite juu ya mgongo wake. Inafungwa kwa kamba nne kwenye pete za chuma, si kwenye ukingo wa mbao unaong'oka. Na hapa alituwekea kidole: fundo liwe la kufunguka kwa kuvuta mara moja, na kisu kiwe karibu, kimefungwa hapo hapo. Mtumbwi uliofungwa sana ni sawa na mlango wa dharura wenye kufuli. Ubaya wake ni kwamba unaziba macho ya nahodha, na kuna vifuniko vya sitaha ambavyo huwezi tena kufungua.

Yule mzee wa Kilifi alikuwa na mikono miwili ya chuma nyuma ya mashua, mtumbwi unaning'inia hapo kama ndoo kwenye kisima. Kuushusha ni dakika mbili. Kila asubuhi kazi ya kwanza ya Baharia ilikuwa kutazama kama kizibo cha chini kimetolewa. Mvua moja ya usiku ikijaza mtumbwi, uzito wake unaweza kukunja ile mikono. Na kwenye bahari kubwa mzee hakuuacha pale. Aliulaza sitahani, juu wimbi moja la nyuma linaweza kuubeba pamoja na vyuma vyake. Majirani zake walikuwa na mitumbwi ya mpira ya kupulizwa. Hiyo unaikunja kama godoro, unaitia chini. Ni kitu kizuri kwa mwenye nafasi ndogo, lakini jua linaikula, na boti ikianza kuzama hakuna mwenye pumzi ya kupuliza.

Mzee huyo ndiye alimpa Baharia habari ya Joshua Slocum, mtu wa kwanza kuzunguka dunia peke yake kwa tanga, toka 1895 mpaka 1898, ndani ya mashua yake Spray. Slocum alipata mtumbwi mzuri lakini ulikuwa mrefu, haukutosha sitahani. Akaukata katikati, akapigilia mbao pale alipokata, akachukua nusu. Nusu hiyo ilikuwa mtumbwi, na pia beseni la kufulia nguo na la kuogea! Kwenye pwani ya Uruguay Spray ikakwama mchangani, akaingia ndani ya ile nusu kupeleka nanga mbali. Ikajaa maji, ikageuka. Hapo ndipo alikumbuka kwamba hajui kuogelea. Aliishika kwa ukingo mpaka akapona. Wenzetu wengi hapa wako sawa naye kwa kuogelea. Mtumbwi hawana.

Mitumbwi ya vipande ingali ipo. Baharia aliona mmoja Kilifi, nusu mbili, moja inaingia ndani ya ingine kama sufuria. Sisi watu wa upande wa Ituri tusishangae. Mwaka 1887 Stanley alipopita msitu ule akimfuata Emin Pasha, alikuwa na mashua ya chuma, jina lake Advance, karibu mita 8 na nusu, vipande 12, kila kipande kama kilo 34. Penye mto kupitika, vipande vinaunganishwa. Penye maporomoko, vinafunguliwa, vinapanda kwenye mabega ya wapagazi, wengi wao watu wa Zanzibar. Mwezi wa 4 mwaka 1888 iliteremshwa kwenye Ziwa Albert. Katika mamia ya watu waliobeba safari ile, ni wachache sana waliotajwa kwa jina. Mtu wa sendika akisoma habari ile, jicho linasimama hapo.

Turudi kwetu. Boti zetu za Kivu na Edouard ni za mashini, si za tanga, lakini swali ni lile lile. Na jibu lake tunalijua toka kwenye shimo: kamba ya pili inawekwa kwa ajili ya watu, halafu siku magunia ni mengi, PDG anaichukua kuvutia magunia. Hatudhani wenye boti ni watu wabaya. Mtumbwi mtupu unawauma macho tu, wanaona nafasi inayolala bure.

Tulianza kuwauliza. Mmoja alitufukuza. Mwingine, mtu wa heshima, alikubali kuulaza mtumbwi wake juu ya paa la boti, chini juu, mtupu, na fundo la kuvuta mara moja. Baharia mwenyewe alikwenda kumfungia. Lakini aliketi na sisi, akapiga hesabu mbele yetu: pale juu panaingia magunia manane. "Nani atanilipa yale manane? Munilipe nyinyi wasafiri, franga elfu moja kila mutu, na mtumbwi hautatoka pale."

Wamama wa samaki walisema watalipa, hata kesho. Vijana wa mashimo wengi wamekataa, wanasema usalama ni deni la mwenye boti, si la abiria, na ukianza kulipa leo utalipa kila siku. Ndani ya komite tumegawanyika katikati kabisa. Siku ya Mungu, saa nane, tunakutana mahali petu pa kawaida hapa Mususa. Na mama wa viazi tumemwalika.