Je, Wajua? Njia ya Nyumbu Iliyorithiwa na Baiskeli

Kandokando ya Mto Potomac nchini Marekani ipo njia ya udongo na changarawe, yenye urefu wa takriban kilomita 297 kutoka Georgetown, jijini Washington, hadi Cumberland katika jimbo la Maryland, ambayo waendesha baiskeli huitumia bila kubughudhiwa na magari. Njia hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya nyumbu, yaani chotara wa punda na farasi, waliovuta kwa kamba mashua za makaa ya mawe katika Mfereji wa Chesapeake na Ohio, ulioanza kuchimbwa mwaka 1828 na kufika Cumberland mwaka 1850. Mwinuko wote wa takriban mita 184 ulikabiliwa kwa malango 74 ya maji, ambayo ni vyumba vya mawe vilivyojazwa na kupunguzwa maji ili kupandisha au kushusha mashua, na ndiyo maana mpandaji wa leo hukuta ardhi iliyo karibu tambarare, isipokuwa miteremko mifupi penye malango hayo.

Mfereji uliacha kufanya kazi mwaka 1924 baada ya mafuriko. Ilipopendekezwa barabara ya magari ijengwe mahali pake, William O. Douglas, jaji wa Mahakama ya Juu, aliongoza mwaka 1954 matembezi ya kupinga kutoka Cumberland kuelekea Washington, na mwaka 1971 eneo hilo likatangazwa kuwa hifadhi ya taifa ya kihistoria.